Vifuko vya Dawa Kutoka Columbus

Mama yangu hajawahi kumwambia daktari ukweli, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana mwenyewe alikuwa akijisifia. Alitufundisha mimi na mdogo wangu tangu tuko wadogo kule Muheza: ukifika hospitali ukaulizwa kama umekunywa mitishamba, unakana. Unakana hata kama mdomo bado unanuka mwarobaini. Alikuwa na sababu zake. Siku alipokwenda kumzaa mdogo wangu, sista wa leba alimkuta na kichupa cha dawa ya mizizi alichopewa na shangazi yake. Sista akakiinua juu wodi nzima wakione, akamtolea maneno ambayo mama hakuwahi kuyarudia mbele yetu. Akajifungua huku wenzake wanamcheka. Na kwa waganga wa mitishamba nako alikuwa akikana vilevile, kwamba hajawahi kukanyaga hospitali, kwa sababu mganga naye ana kiburi chake. Akijua umeanzia kwa daktari atakuambia rudi huko huko. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka tu.

Alipokuja kuishi nami Louisville, mtaa wa Beechmont, kilichomleta ni moyo. Vali yake moja, kile kilango cha kupitisha damu, ilikuwa imeharibika tangu utotoni, na huku wakamfungua kifua wakamwekea ya chuma. Ukikaa naye chumbani televisheni imezimwa unaisikia inagonga kama saa ya mkononi. Daktari alitukalisha akatueleza taratibu. Vali ya chuma inapenda kugandisha damu, na donge likitokea linapanda kichwani, mtu anapata kiharusi. Kwa hiyo mama atakunywa kidonge cha kuzuia damu isigande mpaka mwisho wa maisha yake, na atapimwa mara kwa mara. Damu ikiwa nzito wanaongeza dawa. Ikiwa nyepesi mno wanapunguza, maana ikizidi wepesi anaweza kuvuja ndani kwa ndani akafa. Hata mboga za majani aliambiwa asizile leo kapu zima na kesho asiguse kabisa, ale kwa kiasi kilekile. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Yaani mpaka mchicha wanauingilia!" alisema tukiwa kwenye gari. "Watu hawa hawana kazi?"

Kazi ninayo mimi. Natunza wazee majumbani kwao, nawaogesha, nawabadilisha, nawapangia vidonge kwenye visanduku vya asubuhi na jioni. Mume wangu yuko kwenye ghala la mizigo kule Okolona. Watoto wakienda shule nyumba inabaki kimya, na wakirudi ni Kiingereza kitupu. Bibi yao anawauliza kwa Kiswahili, wanamjibu kwa Kiingereza, kila mtu anaondoka na lake. Mama alianza kukonda. Alikuwa akikaa dirishani akihesabu mabasi, halafu jioni ananisimulia habari za mabasi. Niliona kabisa kwamba upweke utamuua kabla ya moyo.

Aliyemwokoa ni bibi wa chini. Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa akikaa ghorofa ya chini yetu. Ni Mkorea, mjane, mfupi, ana mgongo ulionyooka kuliko wangu. Siku moja alimkuta mama nje anapalilia pilipili kwenye ndoo, akachuchumaa akaanza kupalilia naye bila hata salamu. Wiki iliyofuata walikuwa wakikaa pamoja kila asubuhi. Kiingereza cha yule bibi kilikuwa cha kuombea maji, cha mama kilikuwa cha kushukuru tu. Hawakujali. Mama anaongea Kiswahili chake, mwenzake anaongea Kikorea chake, mikono inapepea, vicheko vinasikika mpaka ngazini. "Shoga yangu ana maneno huyo," mama aliniambia. Nikamuuliza, "Mama, maneno gani, unayaelewa?" Akanitazama kama mimi ndiye mjinga.

Kitu kimoja walielewana barabara, nacho ni adabu ya kupeana. Yule bibi akikupa kitu, hata kipande cha tunda, anakupa kwa mikono miwili na kichwa kinainama kidogo. Mama naye alilelewa hivyo hivyo, unapokea kwa mikono miwili, na ukipewa na mtu mzima hukatai. Wangepeana sumu wangeinywa wote wawili kwa heshima.

Kila asubuhi bibi wa chini alikuwa akinywa kidonge cha presha cha hospitali, halafu baada ya muda anatoa kifuko cha nailoni chenye maji meusi, anakiweka kwenye bakuli la maji ya moto, kikipata joto anakikata pembeni na mkasi anamimina kikombeni. Ni dawa ya mizizi iliyochemshwa. Binti yake yuko Columbus, na huko kuna mtaalamu wa dawa za Kikorea anayeshika mkono wa mgonjwa, anasikiliza mapigo, anampimia mizizi yake, anaichemsha na kuifunga kwenye vifuko, boksi zima. Nilikikuta kikombe hicho mezani kwake siku moja, nikanusa. Kilikuwa na harufu ya udongo na mdalasini.

"Mama," nilimwambia tukipanda ngazi, "usije ukaonja kile kitu. Unajua vidonge vyako havitaki mchanganyiko."

"Mimi? Hapana, mwanangu. Nitaanzia wapi?"

Nami, niliyemjua kuliko mtu yeyote duniani, nikaamini.

Kiangazi kile bibi wa chini alitaka kwenda kwa binti yake, na mama akataka kwenda na shoga yake kutembea, kwa hiyo nikawaendesha mimi. Binti alitupokea vizuri sana, mwanamke wa makamo, mpole. Alisema atampeleka mama yake kwa yule mtaalamu, ni karibu, na mama yangu kama anapenda aende kuona. Mimi nikabaki duka la vyakula la Kikorea jirani na hapo, kwa sababu nilikuwa nimeona dagaa. Jamani, dagaa! Wakavu, safi, wa saizi zote, kama nimerudi sokoni Tanga. Nilizunguka humo kama mwendawazimu nikijaza kikapu. Waliporudi mama alikuwa anang'aa. Nilifikiri ni kwa ajili ya dagaa.

Baada ya hapo mama alinawiri kweli. Chakula kikapanda, usingizi ukaja, akawa anashuka ngazi anaimba. Nikasema alhamdulillahi, urafiki ni dawa.

Halafu zikaanza alama. Kwanza mkononi, doa la bluu kubwa kama kifuniko cha sufuria ya chai. Halafu pajani. Halafu akipiga mswaki anatema damu. Kliniki wakampima, damu imekuwa nyepesi mno, wakapunguza kidonge. Wakamuuliza kama amebadilisha chakula, kama anatumia dawa yoyote ya asili. Hapana. Tukarudi tena, bado nyepesi, wakapunguza tena. Hapana na hapana. Mimi mwenyewe nilikula kiapo mbele ya yule daktari kwamba chakula cha mama nakipika mimi na vidonge nampangia mimi, na kazi yangu ndiyo hiyo. Nilijisikia sana siku ile.

Mara ya tatu nesi aliniomba nitoke nje. Kwa upole, tena kwa tabasamu, lakini nitoke. Nikakaa kwenye kiti cha korido nikitazama mlango. Mama alinisimulia ndani ya gari. Walimpigia mkalimani kwa simu, kijana Mkongomani, na Kiswahili chake kilimpa mama tabu kidogo. "Bon, mama, kuko mutu anakupigaka ku nyumba?" Mama akamwambia arudie. Akarudia. Nyumbani kwako, binti yako, mkwe wako, kuna anayekupiga?

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Hasira zilinipanda mpaka nikawa sioni vizuri. Mimi! Mimi ninayeogesha wazazi wa watu waliowatupa, ninayewakata kucha za miguu, leo naulizwa kama nampiga mama yangu! Nilisema maneno mengi, mengine kwa Kisambaa. Mama alikuwa kimya ameshika mkoba wake. Nikafikiri ameumizwa na tusi lile kama mimi. Sasa najua alikuwa akifikiria nini, na nikilikumbuka hilo bado nakasirika, kwa sababu neno moja tu lingetosha kunisafisha na hakulisema. Kulisema kungekuwa kumtaja shoga yake kwa mtu wa hospitali. Aliona bora mimi nidhaniwe.

Baada ya kidonge kupunguzwa mara ya pili damu ilitulia. Alama zikafifia. Kliniki wakafurahi, wakasema kipimo kipya kinamfaa. Nami nikafurahi.

Mke wa mdogo wangu akajifungua. Wanaishi Buffalo, Lower West Side, na mdogo wangu ni nesi wa hospitali, mtu wa kanuni, friji yake tu ina mpangilio. Mama alikwenda kumlea mzazi. Mdogo wangu alikuja kumchukua kwa gari, nikampa vidonge vyote vya mama na maelekezo ambayo hakuyahitaji. Mama alikwenda kumuaga bibi wa chini, wakashikana mikono mlangoni wakilia kama vile anakwenda Makka. Kila jioni alikuwa akinipigia simu kunionyesha mtoto. Alikuwa mzima, anapika uji, anamkanda mzazi kwa maji ya moto, anagombana na mdogo wangu kuhusu maji ya moto.

Asubuhi moja simu ikaja, si ya mama.

"Dada, mama ameanguka jikoni. Mdomo umekwenda upande. Tuko hospitali."

Nikawa naokota nguo naweka kwenye begi, naitoa, naiweka tena. Mume wangu akawa anaongea na bosi wangu kwenye simu. Mlango ukagongwa. Ni bibi wa chini. Watoto walikuwa wameshamwambia. Uso wake ulikuwa umevimba kwa machozi, na kwa mikono miwili alikuwa ameshika mfuko wa kubebea vitu vya baridi. Akaufungua anionyeshe. Ndani vilijaa vifuko vyeusi. Akanyoosha kidole juu, kwenye chumba cha mama, akagusa kifua chake upande wa moyo, akajikusanyia Kiingereza chake chote. Vya mama. Kila asubuhi. Amevisahau. Mpelekee.

Nikamwelewa papo hapo. Tena nilielewa yote kwa mkupuo. Mama alikuwa akinywa vifuko hivi miezi yote, huko chini, vikitunzwa kwenye friji isiyo yangu. Vifuko vilikuwa vinafanya damu nyepesi, kliniki wanaona nyepesi, wanapunguza kidonge. Wakapunguza mpaka kidonge na kifuko vikalingana. Halafu mama akaenda Buffalo, kwa mtoto wake nesi ambaye asingeweza kumficha kitu kwenye friji, akaviacha vifuko nyuma bila kumwambia mtu. Kikabaki kile kidonge kidogo peke yake. Vali ya chuma ikafanya ilichopenda.

Nilimfokea yule bibi. Nilimfokea kwa Kiswahili, mtu mzima rika la mama yangu, mlangoni kwangu. Nikamwambia umemuua mama yangu na maji yako ya matope. Hakuelewa hata neno moja, ila sauti aliielewa. Alisimama pale pale, mikono bado imenyooka na ule mfuko. Mume wangu akaniambia, "Mama watoto, basi." Yule bibi akashuka chini, nikadhani ndiyo ameondoka, kumbe amekwenda kuchukua koti. Alikuwa anakwenda na mimi.

Barabara ya Buffalo inapita Columbus. Hatukuongea njia nzima, na safari hii kimya chetu hakikuwa cha lugha. Nilikuwa nimepanga kumshusha kwa binti yake na kumwambia binti maneno yake yote yaliyomstahili. Nilipofika nikayasema. Yule mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono mdomoni.

"Lakini tulimuuliza," alisema. "Yule mtaalamu aliposhika mkono wake alisema moyo huu una historia. Akaniambia nimuulize kama anatumia dawa ya hospitali yoyote, hasa ya moyo au ya damu. Nilimuuliza kwa simu yangu, inatafsiri, ikamsomea kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa. Mtaalamu hakuridhika, nikamuuliza mara ya pili. Akacheka, akanipigapiga begani, akasema hapana."

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yao. Wakati huo wote mimi nilikuwa nachagua dagaa ukuta wa pili. Yule binti akampigia mtaalamu, akamtajia kisa, na hata mimi nisiyejua Kikorea nilimsikia yule mzee anavyopandisha sauti kwa uchungu. Mzizi mmoja kati ya ile aliyompimia unajulikana kwa kufanya damu iwe nyepesi. Angejua asingempa hata kijiko. Nilitamani kuendelea kuwachukia, maana chuki ingenisaidia kuendesha gari. Nikakosa wa kumchukia isipokuwa mtu niliyekuwa namwendea.

Bibi wa chini nilimwacha hapo kwa binti yake. Buffalo nilimkuta mama amelazwa ubavu, mkono wa kulia uko juu ya shuka kama si wake. Macho yalikuwa yake. Aliponiona machozi yakamtoka jicho moja. Maneno yalikuwa yamekwisha. Alifungua mdomo zikatoka sauti tu, naye akajisikia, akaufunga. Mdogo wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na daktari, anaongea kwa ile sauti yake ya kazini. Daktari alikuwa haelewi. Dozi ni ileile ya Louisville, mgonjwa ameinywa kila siku, mwanawe mwenyewe nesi amehakikisha, damu imewezaje kuwa nzito kiasi hiki? Kuna kitu kimebadilika? Mdogo wangu akasema hakuna. Angejua.

Nikamtazama mama. Alikuwa ananitazama, na alikuwa amejua kwamba najua. Mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, ukainuka kutoka kwenye shuka ukaanza kupepea polepole, huku na huku. Usiseme. Alikuwa ananiomba. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mama ananiomba kitu.

Nikasema. Nilikuwa nimechukua kifuko kimoja cha bibi wa chini nikakiweka kwenye mkoba, nikakitoa nikampa daktari, nikamweleza yote kuanzia Columbus. Nilikuwa nasubiri atupandishie sauti, atuite washamba, aite na wenzake waje watuone. Daktari alikigeuza kifuko mwangani, akauliza alikunywa kwa muda gani na aliacha lini, akaandika. Akasema asante, hili linasaidia sana, bila hili ningerudia dozi ileile. Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Lilikuwa jambo jepesi kiasi hicho, na mama alikuwa amelikimbia tangu ujana wake.

Aliyepiga kelele ni mdogo wangu, koridoni, kwamba nilikuwa naishi naye nyumba moja na sikuona. Nikamjibu yeye alizaliwa siku ile ya kichupa na hajajifunza kitu. Tulisemezana mpaka mkewe akapiga simu, akatusikia, akasema mtoto analia na sisi tunapigana. Niliporudi ndani nikamshika mama mkono wa kushoto. Akauvuta, akauweka mbali, akageukia ukutani.

Aliishi. Walirekebisha dawa, damu ikatulia, baada ya mazoezi mengi tukamrudisha Louisville akitembea na fimbo. Mkono wa kulia unanyanyua kikombe siku nyingine. Maneno hayakurudi. Yaani yanatoka, tena mengi, lakini yamevurugika. Anataka maji anasema kitu kisicho cha lugha yoyote. Namletea kanga, namletea dawa, namletea rimoti. Anapandisha sauti, mimi napandisha yangu, tunaishia kununiana. Watoto wanamwogopa. Mdogo wangu akipiga simu anamwongelesha kwa sauti kubwa kama kiziwi, mama anaisukuma simu pembeni.

Nilikwenda kumwomba radhi bibi wa chini. Binti yake alitafsiri kwa simu. Yule bibi alishika mikono yangu akasema jambo refu, na binti akalitafsiri. Alikuwa anauliza kama sasa nitamruhusu kupanda juu kumwona rafiki yake. Alikuwa ameogopa kugonga mlango wangu tangu siku ile. Vifuko vyake bado anavinywa. Binti alimpeleka kwa daktari wake na vifuko mkononi, wakamkubalia na kumpa tarehe za kupimwa.

Alipanda kesho yake asubuhi na tunda la peasi la Kikorea, kubwa kama chungwa la Muheza. Nilikuwa jikoni. Akakaa karibu na mama, akalimenya taratibu ganda likatoka refu bila kukatika, akampa kipande kwa mikono miwili. Mama akapokea kwa mmoja. Halafu akaanza kuongea. Akaongea na kuongea, yale maneno yake yaliyovunjika, anapandisha, anashusha, anapepea mkono. Shoga yake anaitikia kwa kichwa, anashangaa panapostahili, anamjibu kwa Kikorea chake. Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aondoke kwenda Buffalo.

Nilifungua bomba ili wasinisikie. Nilikuwa nalia kwa wivu, sina jina jingine la kuliita. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nayajua maneno ya mama yangu, na sasa nimebaki nje pamoja na wengine wote. Kwa yule bibi hakuna kilichopotea.